Picha ya agami haikupigwa Ziwa Rukwa

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Rukwa. Kwenye kundi letu la WhatsApp imezunguka picha ya ndege mwenye shingo ya rangi ya udongo mwekundu, mabawa ya kijani, manyoya ya bluu yanayoning'inia kama utepe, na mdomo kama shazia ya kushonea magunia. Chini imeandikwa: 'Korongo wa ajabu wa Ziwa Rukwa.' Watoto wameipenda sana, ila mzee mmoja mvuvi aliiangalia akacheka, akasema huyo hamjui. Naomba kujua: picha ni ya kweli au imetengenezwa na kompyuta? Kama ni ya kweli, ndege huyu anaishi wapi? Na mwanafunzi mmoja ameniuliza swali lililonishinda. Nilisoma mahali kwamba makao yake ni msitu wa Amazon na kwamba yuko hatarini. Akauliza: kama msitu wake ndio mkubwa kuliko yote duniani, hatari inatoka wapi?"

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kwanza mpelekee yule mzee salamu zangu, maana kasema kweli. Mtu aliyevua Rukwa miaka yote hiyo, kama angekutana na ndege huyu hata mara moja, asingemsahau. Picha ni ya kweli na ndege ni halisi. Cha uongo ni anwani. Anaitwa agami, kwa jina la kitaalamu Agamia agami. Makazi yake yanaanzia mashariki ya Meksiko, yanashuka Amerika ya Kati hadi Kolombia, Venezuela, Guyana na Suriname, kisha yanaenea bonde la Amazon: Ekwado, Peru, Bolivia na Brazili. Kutoka kwake hadi kwenu kuna bahari ya Atlantiki nzima na zaidi ya nusu ya upana wa Afrika, na yeye si ndege wa kuvuka bahari.

Hili neno "korongo" nalo tuliguse kidogo kwa kuwa wewe ni mwalimu. Sisi tunamwita korongo karibu kila ndege mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu, na kwa mazungumzo ya kawaida sioni ubaya. Ila agami yumo katika ukoo wa koikoi na yangeyange, ukoo wenye spishi zaidi ya 60 duniani. Ukitaka watoto waone tofauti, waambie watazame angani. Korongo akiruka hunyoosha shingo mbele kama mkuki. Yangeyange huikunja ikakaa mabegani kama herufi S. Agami naye angekunja.

Jina lake lina kituko. "Agami" ni neno lililotoka kwa wenyeji wa Guyana ya Kifaransa, na Wafaransa wanalitumia kwa ndege mwingine kabisa, mweusi, wa nchi kavu, anayetembea kwa makundi chini ya miti mfano wa kanga na kutoa mlio kama wa tarumbeta. Wazungu wa karne ya 18 waliomchora huyu wetu wakamwazima jina hilo, na mwaka 1789 Mjerumani Johann Friedrich Gmelin akaliingiza kwenye Kilatini. Kwa hiyo, mwalimu, kubandikwa jina la wenyewe hakukuanza na WhatsApp. Wabrazili walimtafutia la kumfaa zaidi. Wengine humwita garça-da-mata, yaani koikoi wa msituni, na wengine garça-beija-flor. Beija-flor ni yule ndege mdogo wa kwao anayenyonya maua akimeta, kama chozi kwetu.

Mimi mwenyewe sijawahi kumwona akiwa hai. Nimemshika akiwa mfu, kwenye droo ya makumbusho moja huko Ulaya: ngozi iliyojazwa pamba, kikaratasi kimefungwa mguuni kwa uzi, harufu ya dawa ya nondo. Nilichokishangaa kwanza ni mdomo. Niliulaza kiganjani, ukaanzia katikati ya kiganja ukafika ncha ya kidole cha kati: karibu sentimita 14, kwa ndege ambaye mwili mzima kuanzia mdomo hadi mkia ni sentimita 60 hadi 76 na uzito wake ni kama nusu kilo tu. Halafu miguu. Unatarajia mirefu kama ya ukoo wake, unakuta mifupi, kana kwamba fundi aliishiwa mbao. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Kisha rangi. Shingo na tumbo vilikuwa vyekundu vya udongo, kama chungu kilichochomwa vizuri, na katikati ya koo mstari mweupe umeshuka hadi kidarini. Kandokando ya shingo kulikuwa na manyoya membamba ya bluu iliyochanganyika na fedha, na mengine kama hayo kisogoni na mgongoni. Bawa lilikuwa kijani cha chupa. Lakini nilipoigeuza droo kidogo kutoka dirishani, kijani kikazimika, bawa likawa jeusi kama masizi ya sufuria. Nikairudisha, kijani kikawaka. Nilifanya hivyo mara nne au tano, mpaka mwenye funguo za chumba akakohoa.

Hapo kuna somo zuri la sayansi kwa watoto wako. Wekundu wa shingoni ni rangi hasa, imo ndani ya unyoya. Ukiusaga, unapata unga wa rangi ileile. Bluu ya ndege haiko hivyo, wala kijani kile cha kumeta. Inatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa: vipande vidogo mno vinavyoitawanya nuru, sawa na rangi unazoziona juu ya povu la sabuni. Ukiuponda unyoya wa bluu, bluu inapotea, unabaki na vumbi la kijivu. Wasijaribu kwa ndege hai, lakini unyoya uliookotwa chini si dhambi.

Utaniuliza, ndege mwenye nguo za harusi namna hii anajifichaje? Maana ndivyo alivyo. Waongozaji wa watalii wa kule watakwambia ni miongoni mwa ndege wagumu kuonekana. Hapa picha inatudanganya mara ya pili. Mpiga picha alingoja mpaka jua likampiga ndege, au alitumia taa. Agami anaishi gizani. Mahali pake ni vijito vyembamba chini ya miti mikubwa, vinamasi vya msituni, mikoko, kingo za mito ambako matawi yamelalia maji. Pale kuna nini? Majani yaliyooza, mizizi myekundu, kijani kizito, na vijipande vya nuru vinavyocheza juu ya maji. Mchukue ndege wako umpake hizo hizo. Mimi naamini yale manyoya ya fedha shingoni, kwenye kivuli, yanafanana na maji yanayometameta kuliko kitu kingine chochote, na ule mstari mweupe unaikata shingo vipande viwili isionekane kuwa shingo. Jua likimfikia ndipo anakuwa bibi harusi.

Na huwinda kwa subira ya fundi saa. Kwa kuwa miguu ni mifupi, haingii maji ya wazi kama yangeyange anavyofanya kwenye majaruba ya mpunga. Husimama kwenye tope la ukingoni au kwenye tawi lililogusa maji, kajikunja chini, shingo imerudi nyuma, mdomo umeelekea mtoni. Ndipo ule mdomo mrefu unapolipa deni la miguu. Katika shingo za ukoo huu pingili ya sita imerefuka na kufanya kazi kama bawaba, kwa hiyo shingo iliyokunjwa hufyatuka ghafla na samaki hana habari. Hula zaidi samaki wadogo wanaoogelea karibu na uso wa maji, wa sentimita mbili hadi kama 20, wakiwemo wa ukoo uleule wa perege na sato. Vyura na konokono hawakatai. Ukimkaribia hapigi kelele nyingi. Hutoa mkoromo mfupi wa kooni, kama mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake, kisha anatembea taratibu akaingia kwenye kiza.

Sasa nije kwa mwanafunzi wako, maana swali lake ndilo lililonifanya nikae kuandika marefu.

Mwambie hivi: usipime usalama wa ndege kwa ukubwa wa eneo lililopakwa rangi kwenye ramani. Sehemu kubwa ya mwaka agami ni mpweke. Mmoja hapa, mwingine kilomita kadhaa huko, kila mtu na kijito chake. Lakini mvua zikikolea, hawa wapweke wanaacha vijito vyao wakakusanyika mahali pamoja kuzaliana, mamia kwa mamia. Wataalamu tunauita mkusanyiko huo koloni. Na koloni kubwa kuliko yote yanayojulikana liko Guyana ya Kifaransa, nchi ambayo mpaka leo ni mkoa wa Ufaransa na watu wananunua mihogo kwa yuro. Utani huo nawaachia wenyewe. Mahali hapo ni vinamasi vya Kaw-Roura, vilivyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1998, hekta 94,700 za maji, majani na mikoko, nje kidogo ya Cayenne. Ndani kabisa, ambako hakuna barabara inayofika, kuna dimbwi lenye vichaka vilivyosimama majini. Pale hutaga jozi karibu 2,000 za agami.

Koloni hilo halikujulikana kwa wanasayansi mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndege ameandikwa vitabuni tangu 1789, na maskani yake makuu yanagunduliwa watu wakiwa tayari na simu za mkononi! Makoloni mengine yanayojulikana, kama la hifadhi ya Pacuare huko Kosta Rika, ni madogo kwa mbali.

Wakati wa uchumba ndipo ule utepe wa bluu wa kwenye picha yako unapoota kisogoni. Ngozi tupu iliyo kati ya jicho na mdomo, ambayo siku za kawaida ni njano iliyopauka, huwa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Ndege hutikisa utepe, huinuka na kuinama, hugonganisha midomo. Yule mpole wa gizani, ukimwona siku hizo utadhani ni mwingine. Wakishapatana, hujenga jukwaa la vijiti juu ya maji, mara nyingi mita moja au mbili tu kutoka usoni pa maji, na jike hutaga mayai mawili hadi manne ya bluu iliyoelekea kijani. Wakati mwingine hupangana kwenye vichaka hivyo na binamu yao mwenye mdomo mpana kama mtumbwi uliopinduliwa.

Kwa nini juu ya maji? Kwa sababu maji ndiyo ukuta wao. Kima, paka wa porini, nyoka, wote wangependa mayai, lakini kufika kwenye kichaka kilichozungukwa na maji ni kazi, hasa Kaw ambako chini wanaogelea kaimani weusi, jamaa wa mamba. Kaimani ni mlinzi asiye na mshahara; malipo yake ni kinda linaloponyoka kiotani. Ukuta huo una ufa mmoja. Maji yakipungua kabla makinda hayajaweza kuruka, lango limefunguka.

Na ufa mwingine ni sisi. Nikiwa kijana nilikwenda na mwenzangu kutazama viota vya yangeyange kwenye mikoko, pwani ya kusini ya Dar es Salaam. Tulikuwa na darubini moja yenye kioo kilichopasuka na nia njema tele. Tulipojitokeza tu, wazazi wote wakaruka kwa mkupuo, kama shuka jeupe lililokung'utwa. Sisi tukasimama kushangaa uzuri. Kunguru, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa kutoka Bara Hindi, hawakushangaa. Walikuwa wamekaa juu ya mkoko mkavu wakingoja mtu mjinga kama mimi. Tulikaa pale chini ya robo saa, na katika muda huo niliona mayai matano yakipita hewani kwenye midomo ya kunguru. Hatukugusa kiota hata kimoja. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "tulikwenda kutazama tu", tumbo linanisokota.

Sasa chukua hilo ulipeleke kwenye koloni la jozi 2,000. Boti moja ya watalii wenye kelele ndani ya wiki mbaya inaweza kuharibu msimu wa sehemu kubwa ya agami wa eneo zima. Ndiyo maana mimi ni mmoja wa wanaoshukuru kwamba dimbwi la Kaw halina barabara, na sioni haya kusema kwamba kuna mahali duniani panapohifadhiwa vizuri zaidi na tope kuliko na mabango.

Huo ni upande mmoja wa jibu. Upande wa pili ni lile neno "hatarini" lenyewe, ambalo nadhani ndilo lililomchanganya mtoto. Watu wengi wakisikia ndege yuko hatarini wanadhani wamebaki wachache wa kuhesabika. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ina ngazi tatu za hatari, na agami aliwekwa kwenye ngazi ya kwanza, yaani ya chini, mwaka 2012, sambamba na ndege wengine wengi wa Amazon. Ili spishi iingie ngazi hiyo kwa njia ya kupungua, si lazima wawe wachache. Inatosha wawe wanapungua kwa asilimia 30 au zaidi ndani ya vizazi vitatu. Mtu mwenye ng'ombe 1,000 anayepoteza theluthi kila baada ya miaka michache hajafilisika leo, lakini mkopeshaji mwenye akili hampi mkopo.

Na kasi ya msitu kukatwa tunaijua, kwa sababu taasisi ya Brazili ya utafiti wa anga, INPE, hupima kwa setilaiti kila mwaka. Mwaka 2004 Amazon ya Brazili peke yake ilipoteza kilomita za mraba 27,772. Wachoree watoto ramani ya Tanzania: huo ni mkoa wa Kilimanjaro mara mbili, na chenji inabaki. Baadaye serikali ilibana, na mwaka 2012 ikashuka hadi 4,571, jambo linaloonyesha kwamba inawezekana pakiwa na nia. Kisha ikapanda tena. 2021 ikafika 13,038, karibu Kilimanjaro nzima kwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa inayokatwa hugeuka malisho ya ng'ombe, na soya inafuata. Amerika ya Kati, mawese na ndizi. Pwani ya Ekwado, mikoko ilifyekwa kuchimba mabwawa ya kufugia kamba.

Kwa agami hasara huanza hata kabla ya mti wa mwisho kuanguka. Kumbuka miguu mifupi. Yangeyange akikatiwa miti, anahamia kwenye jaruba la mpunga, anafuata ng'ombe, anaishi na watu. Agami si wa kusimama kwenye maji ya wazi akavua. Anataka ukingo wenye kivuli na tawi lililolala. Ukifyeka mita chache za miti kando ya kijito, msitu nyuma yake ukauacha ulivyo, kwenye picha ya setilaiti hutaona tofauti kubwa, na agami keshahama.

Halafu kuna dhahabu. Hili mtalielewa Rukwa kuliko watu wengi. Katika nchi za Guyana na kusini mwa Peru wachimbaji wadogo, wengi wao haramu, hutumia zebaki kunasa dhahabu, kama inavyofanyika Geita na huko Chunya, ambako mito yake inateremka kuelekea ziwa lenu. Zebaki ikifika kwenye tope, vijidudu vinaibadili kuwa sumu inayoingia mwilini na kutotoka upesi. Samaki mdogo anaibeba kidogo, samaki anayemla anaibeba zaidi, na ndege anayekula samaki kila siku ya maisha yake anaibeba kuliko wote. Binadamu anayekula samaki hao yuko kwenye foleni ileile.

Mabwawa ya umeme nayo yana sura mbili. Bwawa jipya likijaa, miti inayokufia majini wakati mwingine huwa mahali pazuri pa viota, na agami wamewahi kuyatumia. Lakini chini ya bwawa mto hupoteza mapigo yake. Msitu wa Amazon huvimba na kupungua kwa majira. Mafuriko huingiza samaki msituni, na agami amepanga maisha yake kwa saa hiyo. Mradi wa Belo Monte kwenye mto Xingu, Brazili, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2016, ulichepusha sehemu kubwa ya maji kutoka kwenye kipande kirefu cha mto, na mafuriko ya kipande hicho hayajawa yale ya zamani.

Sisi tuna mfano wetu wa maji kuchepushwa. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, eneo la ukubwa wa viwanja vichache vya mpira. Bwawa likaanza kazi mwaka 2000, manyunyu yakakatika, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliosalia walikuwa wanafugwa ng'ambo. Mtoto atasema, lakini chura alikuwa na kieneo kidogo, agami ana nusu ya bara. Hapo mrudishe kwenye koloni. Kwa siku 300 za mwaka agami ana nusu ya bara. Kwa zile zilizobaki, ambazo ndizo za kupata watoto, anaishi kwenye vichaka vichache kama chura tu.

Kinachofanyika kumsaidia si haba. Wataalamu wa koikoi chini ya IUCN, akiwemo Mmarekani James Kushlan, pamoja na chama cha ndege cha Guyana ya Kifaransa, waliandaa mpango wa kumhifadhi, na kiini chake ni kutafuta makoloni na kuyalinda yaliyopatikana. Agami kadhaa wa Kaw walivishwa vifaa vidogo vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Ikaonekana kwamba wakimaliza kulea hawabaki pale. Wanasafiri mbali, wanavuka mipaka. Maana yake Ufaransa ikilinda dimbwi peke yake imelinda chumba cha kuzalia, nyumba ya kuishi iko kwa majirani. Na nikuongezee kitu kimoja: ndani ya jenasi ya Agamia, yaani kundi dogo la spishi ndugu ndani ya ukoo, yumo yeye peke yake. Hana ndugu wa karibu wa kumrithi.

Kama siku moja bahati ikikupeleka huko, watu humtafuta kwa mtumbwi kwenye mifereji ya Tortuguero na vinamasi vya Caño Negro huko Kosta Rika, au mto Cristalino, kaskazini ya jimbo la Mato Grosso, Brazili. Kwa mtumbwi wa kasia. Ukisikia injini, yeye amekusikia zamani.

Lakini sitaki watoto wa Rukwa wadhani ndege wa ajabu wako ng'ambo tu. Kuna mmoja wa ukoo huu ambaye yuko ngazi ya pili ya hatari, moja juu ya ile aliyowekwa agami mwaka 2012, na yeye hutujia kweli. Ni koikoi mdogo wa Madagaska, Ardeola idae. Huzaliana Madagaska na visiwa vichache tu vya jirani, Mayotte na Aldabra vikiwemo. Huko huwa mweupe pee, na mdomo wa bluu ya kung'aa kama umechovywa kwenye wino. Kati ya Mei na Oktoba huvuka na kutawanyika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Wamebaki elfu chache, na adui yao mkubwa kule kwao ni watu wanaookota mayai na makinda kwenye makoloni, na vinamasi kugeuzwa mashamba ya mpunga.

Tatizo ni kwamba akifika kwetu huwa amevua nguo za sherehe. Anakuwa wa kahawia mwenye michirizi, amejikunja kando ya dimbwi, na anafanana sana na binamu yake wa kawaida ambaye mnaye mwaka mzima. Watoto waangalie mambo matatu. Michirizi ya kidarini ni minene na myeusi zaidi. Mgongo ni wa kahawia iliyokolea zaidi. Mdomo ni mnene. Akiruka, wote wawili hufungua mabawa meupe ghafla, kama mtu aliyevaa kanzu chini ya koti kuukuu, kwa hiyo weupe wa mabawa usiwadanganye. Mkipata picha nzuri ya pembeni, yenye mdomo na kidari, ipelekeni kwa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, wanaokusanya kumbukumbu za namna hiyo.

Ile picha ya agami usiifute. Ondoa yale maneno ya chini, andika "Agami, Amerika ya Kati na Kusini", uirudishe kwenye kundi lilelile ilikotoka. Na ukipita ziwani, muulize yule mzee mvuvi kwao wanamwitaje kale kandege ka kahawia kanakogeuka keupe kakiruka, uniandikie.